Gramu Moja ya Shaba

Katika depo za Musompo, nje kidogo ya Kolwezi kwenye barabara ya Likasi, jasho la wiki nzima hupimwa kwa muda mfupi kuliko wa kunywa glasi ya maji. Gunia hufunguliwa. Mnunuzi huchagua mawe mawili matatu, huyaelekezea kifaa chenye umbo la bastola, hubana kitufe, husubiri sekunde chache, kisha husoma tarakimu mbili kwenye kioo: ya shaba na ya kobalti. Mji mzima hukiita kifaa hicho Metorex, kwa jina la kampuni ya Kifini iliyokuwa ikitengeneza mashine za aina hiyo, hata pale kilichoshikwa kinapokuwa cha kampuni nyingine kabisa. Bei ya kila asilimia imeandikwa ubaoni, mizani iko pale pale, na mchimbaji huondoka na alichohesabiwa.

Tarakimu zile zimetokaje? Hana wa kumuuliza. Amnesty International na shirika la Kongo la Afrewatch, katika ripoti yao ya Januari 2016, waliandika kwamba wachimbaji hawakuwa na njia yao wenyewe ya kuhakiki kiwango cha madini, na kwamba waliona wanapunjwa. Kanuni ya Madini ya Kongo ilitungwa 2002, ikarekebishwa 2018, na mikataba imeandikwa juu ya mikataba. Jiwe la kijani mkononi mwa mtu limebaki lile lile, na swali lake lile lile: lina shaba kiasi gani?

Hilo ni swali la kemia. Maana yake ni kwamba Kolwezi ni mji ambamo maelfu ya watu huamka kila siku na swali la kemia mfukoni, na wengi wao hawatakanyaga chuo maishani. Tuseme mmoja wao, kijana mwenye diploma ya serikali ya kumaliza sekondari, anayeshika mizani kwenye depo au anayemsaidia mama yake kuosha madini, ameamua kujifundisha mwenyewe namna shaba inavyotolewa jiweni. Karo hana. Ana simu, ana daftari, ana jioni tatu kwa wiki. Aanzie wapi?

Wengi huanzia ukurasa wa kwanza. Kijana hutafuta syllabus ya kemia ya mwaka wa kwanza, ile miswada ya masomo ambayo wahadhiri wa Kongo huwaandikia wanafunzi wao, akaitoa fotokopi na kuifuata kwa utii: mpangilio wa elektroni, jedwali la elementi, hesabu za moli. Hupanga ratiba nzuri ya miezi sita, yenye mistari ya rangi. Wiki ya pili umeme unakatika siku nne. Wiki ya tatu kuna msiba. Wiki ya nne amefika ukurasa ambao hauelewi, na hakuna wa kumuuliza. Syllabus inaishia chini ya godoro, na kijana anajiambia kwamba sayansi si ya watu kama yeye.

Anajionea bure. Syllabus imepangwa kwa ajili ya mtu mwenye mwalimu mbele yake, mwenzake ubavuni na mtihani mwishoni mwa mwaka. Ukimwondolea msomaji vitu hivyo vitatu, karatasi zilezile haziwezi kumbeba. Anayejifundisha mwenyewe ana kazi ya kwanza kabla hata ya kusoma, nayo ni kutafuta vitakavyokaa mahali pa vile alivyokosa.

Aliyeifanya kazi hiyo vizuri kuliko karibu wote wanaokumbukwa alikuwa mtoto wa mhunzi. Michael Faraday alizaliwa 1791 upande wa kusini wa London. Shule aliyoipata ilikuwa ya kusoma, kuandika na hesabu kidogo. Mwaka 1805, akiwa na miaka 14, aliwekwa kwa George Riebau, muuza vitabu wa mtaa wa Blandford, ajifunze kujalidi vitabu kwa miaka saba. Vitabu vilikuja mikononi mwake kushonwa, naye akavisoma kabla havijarudi kwa wenyewe. Makala ya umeme katika Encyclopaedia Britannica yalimwamsha, na kitabu cha Jane Marcet cha mazungumzo juu ya kemia, kilichotoka 1806, kikamshika asiachie tena.

Kisa hiki husimuliwa kama muujiza wa kipaji, na hapo ndipo kinapoharibika, kwa sababu muujiza haumfundishi mtu lolote. Faraday alikuwa na mpango, na mpango ule aliukuta kitabuni. Alisoma mashauri ya mchungaji Isaac Watts kuhusu kuinoa akili, yaliyochapishwa 1741, akayashika kama fundi anavyoshika vipimo: kuwa na daftari la kuandika kila jambo jipya, kwenda kwenye mihadhara na kuandika yaliyosemwa, kumpata mtu wa kuandikiana naye barua, kukaa na kikundi kinachojadiliana, kuchunga maneno yasitangulie ushahidi. Mihadhara ya sayansi ya John Tatum ilikuwa na kiingilio cha shilingi moja, na aliyemlipia ni kaka yake Robert, mhunzi kama baba yao. Huko alimpata Benjamin Abbott, kijana wa rika lake, na barua zikaanza.

Moja ya barua hizo, ya Julai 1812, ina thamani ya syllabus nzima. Ndani yake Faraday anamweleza Abbott betri aliyoitengeneza kwa mkono: sarafu saba za nusu peni, vipande saba vya zinki vilivyokatwa kwa ukubwa wa sarafu, na karatasi sita zilizoloweshwa maji ya chumvi na kupachikwa katikati. Kwa mnara huo mdogo, usiozidi kimo cha kidole, alipitisha umeme katika maji yenye chumvi ya Epsom na kuichanganua. Sarafu zile za nusu peni, msomaji wa Kolwezi azitazame vizuri, zilikuwa za shaba.

Mengine yanajulikana. Mteja mmoja wa duka alimpa tiketi za mihadhara minne ya Humphry Davy, mwanakemia mashuhuri wa wakati ule. Kijana akaandika kila kitu, akachora vifaa, akazijalidi kurasa karibu 300 kwa mikono yake na kumpelekea Davy mwenyewe. Machi 1813 aliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara. Hesabu za juu hakuzijua hadi kufa kwake. Ripoti zake hazina milinganyo, na kazi ya kuyaweka mawazo yake katika hesabu aliifanya James Clerk Maxwell baadaye. Wale wanaomwambia kijana amalize hisabati kwanza ndipo aguse waya wangefaa kulitafakari hilo.

Faraday anaingia katika makala ya Kolwezi kwa sababu mji huu unakula kwa sheria yake. Katika miaka ya 1833 na 1834 alithibitisha kwamba metali inayojikusanya kwenye bamba ndani ya maji yenye chumvi yake hufuata kiasi cha umeme kilichopita, bila kujali ukubwa wa chombo wala umbo la bamba. Kwa shaba iliyoyeyushwa katika asidi ya salfuriki, ampea moja ikipita kwa saa moja huacha gramu 1.19. Hesabu hiyo haimjui tajiri wala maskini. Likasi wamekuwa wakiitumia katika kiwanda cha Shituru tangu 1929, na Kolwezi katika kiwanda cha Luilu tangu 1960: jiwe husagwa, huloweshwa katika asidi, maji ya buluu huingizwa katika safu za matangi, mabamba ya risasi upande mmoja na ya kathodi upande wa pili, umeme hupita mchana na usiku, na baada ya siku kadhaa bamba la shaba nyekundu hubanduliwa. Ndiyo ile mizigo ya mabamba yanayong'aa inayopita barabarani juu ya malori kuelekea mpakani.

Na umeme wenyewe? Mwaka 1982 ulikamilika mstari wa Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700, volti 500,000, mrefu kuliko mistari yote ya aina yake duniani wakati ule. Uliitwa Inga-Shaba, kwa kuwa kati ya 1971 na 1997 jimbo zima la Katanga lilibeba jina hilo, neno letu la Kiswahili la metali hii. Maporomoko ya Inga, kwenye mto Kongo karibu na Atlantiki, yanasukuma umeme juu ya vijiji ambavyo havina hata balbu moja, ili uje kushukia hapa. Sehemu yake huishia ndani ya matangi. Tani moja ya shaba inahitaji, kwa hesabu ya Faraday, ampea-saa zipatazo 843,000. Kwa volti mbili hivi za kila tangi, ni karibu yuniti 1,700 za umeme. Kiwandani huhitajika karibu yuniti 2,000. Tofauti ile ya yuniti 300 na zaidi ni somo zima, nasi tutairudia.

Basi mpango wa kijana wetu uanzie kwenye lile swali la Musompo, si kwenye ukurasa wa kwanza. Lina shaba kiasi gani? Yote atakayoyasoma yapimwe kwa hilo: likisaidia kulijibu lisomwe leo, lisiposaidia lingoje.

Jioni ya kwanza inahitaji kipande cha malakiti kisichozidi ukucha wa kidole gumba, siki ya dukani na msumari wa chuma. Malakiti ndilo jiwe la kijani linaloonwa kila mahali Kolwezi, lenye mistari ya kijani kibichi na kijani kilichoiva kama ndani ya shina la mti. Lisagwe likiwa limelowa ili vumbi lisipande puani. Unga ukitiwa ndani ya siki, vipovu vidogo huanza kupanda: ni gesi ya kaboni dioksidi, kwa kuwa malakiti ni kabonati. Ukiachwa usiku kucha, maji huwa ya buluu yenye ukijani. Sasa msumari usuguliwe kwa msasa hadi ung'ae, uzamishwe nusu yake. Baada ya dakika chache nusu iliyozama inakuwa na rangi ya waridi, kisha nyekundu. Shaba imetoka katika maji ikajishika kwenye chuma, na chuma kiasi fulani kimeingia majini mahali pake.

Aliyeuona msumari ule ukibadilika rangi ana maswali ambayo hakuna syllabus ingeweza kumpa. Kwa nini chuma ndicho kilichotoa nafasi yake na shaba ndiyo iliyorudi? Mbona msumari wa shaba hauwezi kufanya hivyo kwa maji yenye chuma? Sasa, na si kabla, afungue ukurasa wa mpangilio wa metali kwa nguvu zake za kuachia elektroni. Utasomeka. Ni ukurasa uleule uliomshinda mwezi uliopita.

Hesabu ije nayo kwa zamu yake. Fomula ya malakiti ina atomu mbili za shaba, moja ya kaboni, tano za oksijeni na mbili za hidrojeni. Kwa uzito wa atomu ulioandikwa katika jedwali la elementi, kijana atagundua kwamba malakiti safi kabisa haiwezi kuzidi asilimia 57.5 ya shaba. Kwa hiyo akisikia mtu akijigamba kwamba malakiti yake ina asilimia 70, anajua papo hapo kwamba ama jiwe lina kitu kingine ndani, ama kipimo kimekosea, ama mtu anadanganya. Hiyo ni kemia iliyokwisha kuwa na faida sokoni, na imepatikana kwa kujumlisha na kugawanya.

Hatua inayofuata ni umeme: betri za tochi, nyaya mbili, kipande cha waya wa shaba uliokunjuliwa kwenye kebo ya zamani, multimeta ya fundi wa mtaani, na mizani ndogo ya vito inayopima hadi sehemu ya mia ya gramu. Waya upimwe ukiwa mkavu, uandikwe. Uunganishwe upande hasi na kutumbukizwa katika yale maji ya buluu. Ampea ziandikwe kila robo saa. Baada ya saa mbili utolewe, ukaushwe, upimwe tena. Kama wastani ulikuwa nusu ampea, Faraday anasema uzito uongezeke kwa gramu 1.19.

Hautaongezeka hivyo. Labda gramu 0.8, labda pungufu zaidi, na sehemu ya shaba itakuwa unga mwekundu unaodondoka ukiguswa. Mahali hapa wengi wangekata tamaa, ilhali hapa ndipo masomo yalipo. Umeme uliobaki ulikwenda wapi? Vile vipovu vilivyoonekana kwenye waya vilikuwa vya nini? Siki ni asidi dhaifu na maji yake hayapitishi umeme vyema. Ingekuwaje kwa maji yenye joto, kwa ampea chache, kwa nyaya zilizosogezwa karibu? Kila jibu linajaribiwa kwa jioni moja na linaandikwa kwa tarakimu. Ni swali lilelile la wahandisi wa Luilu kuhusu yuniti 300 zinazozidi: wanatafuta kila siku umeme wao unapotelea wapi, kwenye joto la nyaya, kwenye mabamba yanayogusana, kwenye chuma kilichochafua maji. Kijana mwenye betri za tochi na mhandisi mwenye umeme wa Inga wamekaa kwenye benchi moja.

Mizani ile ya vito, kwa hiyo, ndiyo mtihani wake. Haina upendeleo wala haiahirishwi.

Lipo jambo la kusemwa bila kupunguza makali. Asidi ya betri ya gari isiingie katika mpango huu, hata kama ni rahisi kupatikana na hata kama ndiyo inayotumika viwandani; siki inatosha kwa miezi mingi. Maji yenye shaba si ya kumwaga karibu na kisima, na chombo kilichotumika kisirudi jikoni. Vumbi la mawe ya Kolwezi ni adui hata bila kemia. Mgodi wa Musonoi, ulio ndani ya eneo la mji, umewapa wanasayansi madini kadhaa adimu yenye urani ndani yake, na hakuna jicho linaloweza kuyabagua yote kwenye gunia. Afanyaye majaribio chumbani wanamolala watoto amekwisha kufeli kabla ya kuanza.

Kisha kuna jiwe jeusi. Heterojenaiti, lile la kobalti ambalo mwaka 2014 liligunduliwa chini ya nyumba za watu katika mtaa wa Kasulo na kuugeuza mtaa mzima kuwa mashimo, halikubali siki. Litalala humo wiki nzima likiwa jeusi vilevile. Kobalti yake imeshikwa katika hali ambayo asidi peke yake haiifungui. Inahitaji kupewa elektroni kwanza, na ndiyo maana viwandani huongeza gesi ya salfa dioksidi au chumvi yenye kazi hiyo. Kwa anayejifundisha, jiwe linalokataa ni sura ya pili ya kitabu. Limemwambia lenyewe asome nini baada ya malakiti, na hakuna mwalimu ambaye angelipanga vizuri zaidi.

Na ile bastola ya Musompo? Inaweza kueleweka pia, ingawa haiwezi kutengenezwa nyumbani. Kifaa hutoa eksirei zinazopiga atomu za jiwe na kung'oa elektroni ya ndani. Elektroni nyingine hushuka kuziba pengo na kutoa eksirei yenye nguvu maalumu ya elementi ile. Mwingereza Henry Moseley alionyesha 1913 kwamba nguvu hizo hupanda kwa mpangilio kutoka elementi moja hadi inayofuata, na kwa njia hiyo akathibitisha kwamba kobalti inakaa kabla ya nikeli katika jedwali ingawa atomu yake ni nzito kidogo kuliko ya nikeli. Alikufa vitani Gallipoli 1915, akiwa na miaka 27. Kutoka hapo mtu anaweza kufikia jambo ambalo kila mchimbaji alistahili kuambiwa: mwonzi mmoja wa chuma uko karibu sana na ule wa kobalti, kwa hiyo jiwe lenye chuma kingi huisumbua mashine kusoma kobalti, jiwe lililolowa husomeka chini, na kifaa huona uso wa jiwe tu, si moyo wake. Yaani gunia lililochanganywa, likasagwa, likakaushwa na kupimwa mara kumi lina haki ya tarakimu tofauti na lile lililoelekezewa bastola mara moja. Mtu anayeweza kuyasema haya kwa utulivu mbele ya mnunuzi ameshabadilisha kikao.

Yote haya kijana atayasoma kwa lugha ya nani? Nyumbani ni Kiswahili cha Katanga, shuleni Kifaransa, mwongozo wa mashine ni Kiingereza au Kichina. Intaneti inauzwa kwa mega, na mega huisha video ikiwa nusu. Heri ashushe mara moja Wikipedia ya Kifaransa kwa programu ya Kiwix na kuisoma bila mtandao. Lakini daftari lake mwenyewe, shauri la mwandishi huyu, liwe kwa lugha anayoitumia kugombana na kubembeleza. Asiyeweza kumweleza mama yake kwa nini msumari umekuwa mwekundu bado hajui.

Maneno yakikosekana, asione haya. Faraday naye aliyakosa. Mwaka 1834 alikuwa na matokeo mezani na hana majina ya kuyaitia, akamwandikia William Whewell wa Cambridge, mjuzi wa Kigiriki, na kutokana na kuandikiana kule yakaingia katika sayansi maneno anodi, kathodi na ioni. Neno kathodi, ambalo leo hutajwa Kolwezi na walinzi, madereva na watoza ushuru, lilizaliwa kwa sababu mjalidi mmoja wa zamani aliomba msaada wa lugha. Kijana akiandika daftarini kwamba shaba "imejishika" na chuma "kimetoa nafasi", yuko kazini vilevile.

Mwenzake wa ubavuni atapatikana. Kikundi cha watu wanne kwenye simu, kila mmoja na mizani yake na msumari wake, kinatosha kuwa Benjamin Abbott. Mwalimu ndiye mgumu. Ila Kolwezi inao walimu, na wamekaa barazani.

Luilu ilipofunguliwa 1960, mwaka wa uhuru, wahitimu wa chuo kikuu wa Kongo nzima hawakufika 30, na chuo kikuu cha Élisabethville kilikuwa na umri wa miaka minne tu. Wakongo walioyaendesha yale matangi waliyajua kwa kusimama kando yake zamu baada ya zamu, kisha wakawafundisha waliokuja nyuma yao. Gécamines, kampuni ya madini ya serikali iliyorithi Union Minière ya Wabelgiji mwaka 1967, ilifikia katikati ya miaka ya 1980 uzalishaji wa zaidi ya tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 sehemu ya kati ya mgodi wa Kamoto iliporomoka, na katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeanguka chini ya tani 50,000. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Waliondoka na bahasha, na wakaondoka na ujuzi: namna ya kutambua kwa rangi ya maji kwamba tangi lina chuma, namna ya kusikia kwa mlio kwamba mabamba yamegusana. Mengi ya hayo hayakuandikwa mahali popote.

Nchi hii ilishawahi kupoteza ujuzi wa shaba kwa njia hiyohiyo. Kabla ya Wabelgiji, mafundi wa Wasanga na Wayeke waliyeyusha malakiti kwa makaa ndani ya tanuri za udongo wa kichuguu, na Bunkeya, mji wa mfalme Msiri ulio leo katika jimbo hili la Lualaba, uliuza shaba mbali. Waliitwa walaji wa shaba. Ujuzi ulikaa ndani ya familia chache, ukilindwa kwa miiko. Mwanzoni mwa karne ya 20 tanuri zikazimika, na padri Jean-Félix de Hemptinne alipoandika juu yao 1926 alikuwa anaandika habari za wazee.

Mfanyakazi aliyekuwa na miaka 45 alipoondoka Gécamines mwaka 2003 ameshavuka 65. Yuko Musonoi, yuko Mutoshi, yuko Luilu yenyewe, na mtaani humwita papa bila kujua alikuwa nani zamu ya usiku. Kijana unayesoma haya, mpelekee msumari wako mwekundu wiki hii. Mwamkie, mwonyeshe daftari, mwambie ulitarajia gramu 1.19 ukapata 0.8, kisha nyamaza umsikilize. Nenda na kalamu.